Ile damu ilisema nini?

Mzee aliyeniuliza swali hilo alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mwaloni Kibirizi, mjini Kigoma, akishona wavu wa dagaa. Nilikuwa nimeshuka kununua migebuka ya jioni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama kitambo, kisha akasema, "Wewe si ndiye uliyenitoa damu mwaka ule?"

Ndiye mimi. Nilimfunga mpira mkononi, nikapata mshipa kwa mara ya kwanza, nikajaza vichupa viwili na kumwambia, "Asante mzee, majibu tutaleta."

"Haya. Ile damu ilisema nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Vichupa vyake na vya wenzake tulivifunga kwenye kasha la baridi, kasha likasafiri, na mimi niliyelifunga kwa mikono yangu sikusikia tena habari zake. Nililipwa posho ya siku tano, mradi ukaisha, maisha yakaendelea. Mzee alirudi kwenye wavu wake, akasema bila hata kunitazama, "Mavi ya sokwe wa Gombe yamejulikana mpaka Marekani. Damu yangu mie sijui hata iliishia wapi."

Maneno hayo yalinikaa kifuani kwa sababu ni ya kweli. Vijiji vya pwani ya kaskazini mwa mji wetu vinajua kwamba kwa miaka mingi watafiti waliokota kinyesi na mkojo wa sokwe wa hifadhi ya Gombe bila kuwagusa wanyama wenyewe. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba baadhi yao wanabeba kirusi kilicho ndugu wa VVU, na kwamba kirusi hicho kinawaua: sokwe aliyenacho alikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya mwenzake wa rika lake asiyenacho. Kabla ya hapo wengi waliamini hakiwadhuru. Ni kazi nzuri, na hata mvuvi wa Kibirizi ameisikia kwa kuwa majibu yalitangazwa. Mzee naye hakutaka zaidi ya hapo. Alitaka kutangaziwa ya kwake, hata kama ni yeye peke yake.

Mimi ni mteknolojia wa maabara, mzaliwa wa Ujiji, na zaidi ya nusu ya umri wangu nimeishi na hadubini, vitendanishi na fomu. Nimehudhuria mikutano mingi kuhusu ushirikiano wa nchi jirani katika utafiti wa virusi. Nimesikia hotuba nzuri, nimeona mikataba ikitiwa saini. Swali la mzee yule ndilo nimekuja kulitumia kupima yote hayo. Sampuli inakwenda, sawa. Majibu yanarudi kwa nani, na yanarudi lini?

Asiyeijua Kigoma ni vizuri aelewe kwanza jinsi tunavyoishi. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne: sisi, Congo, Burundi na Zambia. Boti za mizigo zinatia nanga Kibirizi na Ujiji zikitoka ng'ambo na vitenge, zinaondoka na unga, saruji, sabuni. Harusi zinavuka. Misiba inavuka. Huko Kasulu kuna kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Congo, na watoto waliozaliwa humo sasa wana watoto wao. Mwaka 2015 machafuko ya Burundi yaliposukuma makumi ya maelfu ya watu mpaka kijiji cha Kagunga, kilichobanwa kati ya mlima na maji, kipindupindu kiliwaingilia pale pale ufukweni, na meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kwa zamu kuwaleta mjini. Kipindupindu si kirusi, ni bakteria. Lakini mwezi ule wa Mei ulinifundisha kwamba nikisubiri ugonjwa ufike kwenye meza yangu ndipo niulize ulikotoka, nimechelewa.

Mafunzo yenyewe ya kushirikiana niliyapata miaka michache baadaye, Ebola ilipokuwa inawaka Kivu Kaskazini na Ituri. Mlipuko ule wa 2018 hadi 2020 ulikuwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Afrika Magharibi. Kwetu haukufika, ila hofu ilifika. Tukaitwa kwenye semina ya siku tatu, watu wa maabara na wauguzi kutoka pande tatu za ziwa. Siku ya pili mwezeshaji alitupa zoezi nililolidharau nilipoliona. Alitugawia karatasi yenye habari za mgonjwa mmoja wa kubuni, mfanyabiashara wa dagaa aliyeumwa safarini, akasema kila nchi imwandikishe kwenye fomu zake kama ambavyo ingefanya kazini. Jioni tukabandika fomu ukutani.

Mtu mmoja alikuwa amegeuka watu watatu.

Wenzetu wa Congo wanaandika jina, kisha jina linalolifuata, na la ubatizo mwishoni. Sisi tunaandika lake, la baba, la babu. Kwa hiyo jina la ukoo la mtu wa mji wa Baraka, Congo, likikaa kwenye nafasi yetu ya jina la kwanza, na lile la ubatizo likageuka la babu, hakuna atakayempata tena katika daftari. Wao waliandika anakotoka ni Fizi, ambayo ni eneo zima la utawala. Sisi tuliandika kijiji. Warundi wakaandika kilima. Fomu yetu ilikuwa ya Kiingereza, za kwao za Kifaransa. Na mgonjwa mwenyewe, kama angekuwa hai na si wa kubuni, angejieleza kwa Kiswahili na kuelewana na sisi sote.

Tulikaa usiku ule kwenye baraza ya nyumba ya wageni, watu sita hivi. Kulikuwa na dada mmoja wa maabara kutoka Uvira, Congo, mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa, na kaka mmoja wa Bujumbura aliyezaliwa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Tukaandika nusu ukurasa. Jina analoitwa nyumbani. Jina la baba na la mama. Mwalo aliopandia. Siku aliyopanda. Jina la boti. Hilo la mwisho alilileta dada wa Uvira, akasema, "Mutu anaweza kusahau tarehe, lakini boti haisahau abiria wake." Boti zetu zina majina yaliyoandikwa ubavuni kwa rangi kubwa, na nahodha anamjua aliyetapika njiani. Ile nusu ukurasa haikuwa fomu rasmi ya nchi yoyote. Tuliiweka nyuma ya fomu rasmi, na imeniokoa mara nyingi kuliko semina nyingine zote nilizohudhuria.

Kisha ikaja mpox, ile iliyokuwa ikiitwa ndui ya nyani.

Kirusi chenyewe si kipya Congo. Kilichokuwa kipya ni tawi lake lililoibuka Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu Kivu Kusini, Septemba 2023, likaenda kwa kugusana kwa karibu, ikiwemo kujamiiana. Julai 2024 likawa Burundi. Agosti 13 kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa kikatangaza dharura kwa bara zima, na kesho yake Shirika la Afya Duniani likatangaza ya dunia. Tukitazama ramani, sisi wa Kigoma tulikuwa tumezungukwa: magharibi Congo, kaskazini Burundi, na katikati maji ambayo hayana geti.

Mwezi uliofuata tukaletewa kijana mmoja, mchuuzi wa vitenge, ameshuka boti na homa na upele mwili mzima. Aliyemwona kwanza alikimbia. Abiria wenzake wakatawanyika kabla hatujaandika hata jina moja. Tulimweka chumba cha peke yake, nikavaa nilivyofundishwa kuvaa, nikachukua ute wa malengelenge na magamba ya vidonda vilivyokauka, nikafunga kwa vifungashio vitatu, kimoja ndani ya kingine, na sampuli ikapanda ndege kwenda Dar es Salaam.

Usiku nikampigia dada wa Uvira. Wakati huo yeye alikuwa ameona wagonjwa wa mpox wengi kuliko maprofesa wengi. Sikumtajia jina la mgonjwa wala sura yake, nilimweleza upele. Akaniuliza maswali kama mtu anayepepeta mchele. Viganjani upo? Nyayoni? Tezi za shingoni na za kinena zimevimba? Vidonda vyote viko hatua moja, au hapa pana lengelenge bichi na pale pamekauka? Sehemu za siri umeangalia? Hilo la mwisho sikuwa nimeliangalia, kwa aibu, naye akanikemea kwa upole: huku kwetu wengi wanaanzia huko, na wakijificha wanatuponyoka.

Halafu akanieleza jambo ambalo kama ningelisubiri kwa barua ningelipata baada ya miezi. Kuna kipimo cha PCR, kile kinachotafuta vinasaba vya kirusi, kilichokuwa kikitumika kutambua tawi la kwanza la kirusi hiki. Kinalenga kipande fulani cha vinasaba. Kirusi cha Kamituga ni chipukizi la tawi hilo, lakini kipande hicho kimekipoteza. Kwa hiyo ukitumia kipimo hicho peke yake, kinaweza kukuambia hakuna kitu na mgonjwa anacho. "Uliza wametumia kipimo gani," akasema. "Kile cha jumla kinakiona. Kile cha tawi tu kinaweza kudanganya."

Nilikaa kitandani na simu mkononi muda mrefu. Pengo hilo liligunduliwa kwa sababu watu wa Kivu Kusini, pamoja na wenzao wa Kinshasa na wa nje, waliusoma mpangilio wa vinasaba wa kirusi chao na kuuweka wazi. Wangeuficha hadi makala ichapishwe, maabara za nchi jirani zingekuwa zinatoa majibu ya uongo kwa nia njema. Mtu mmoja akinyamaza Uvira, mwingine anakosea Kigoma, na mgonjwa anarudi nyumbani kukumbatia wanawe.

Kesho yake nikauliza. Kipimo kilikuwa cha jumla. Majibu yakaja: si mpox, ni tetekuwanga. Tanzania ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza wa mpox Machi 2025, wawili; kijana wetu hakuwa mmoja wao. Ila habari haikuishia kwenye majibu. Ng'ambo, kwenye mwalo wake, ilikwisha kuenea kwamba ameshikwa Kigoma na ugonjwa. Mkewe alikuwa hauziwi samaki. Nilipata ruhusa ya wakubwa zangu, nikamwandikia yeye mwenyewe cheti cha majibu kwa Kiswahili cha wazi, akakubali nakala ipitie kwa dada wa Uvira hadi kwa muuguzi wa mwalo wake. Muuguzi yule akamsomea mwenyekiti wa wavuvi mbele ya watu. Siku mbili baadaye nikapigiwa simu na mwanamke nisiyemjua, analia na kucheka pamoja, "Aksanti sana mama, aksanti." Katika miaka yangu yote sijawahi kutoa majibu yaliyofika mbali vile.

Nieleze na kosa langu, kwa sababu wenzangu vijana wanalirudia. Tulikuwa na kundi la WhatsApp la watu wa mpakani, na siku moja nilituma picha ya kidonda cha mtoto nikiomba ushauri. Sikuona kwamba pembeni, kwenye kioo cha dirisha, sura ya mama yake ilikuwa imejitokeza. Kaka wa Bujumbura aliiona kwanza, akaniandikia pembeni, si mbele ya wote: futa sasa hivi. Nikaifuta, nikaenda kumwomba radhi yule mama, akanisamehe kwa urahisi ulioniumiza zaidi. Tangu hapo kundi letu halipokei picha wala majina. Tunaelezana kwa maneno, na taarifa rasmi inapita njia yake, kwa mganga mkuu wa wilaya, kwa mkoa, kwa wizara, na wizara kwa wizara. Simu yetu inaamsha tu. Kuamua si kazi yake, na wanaochanganya hayo mawili ndio wanaowafanya wakubwa waogope mawasiliano ya chini.

Wazee wa taaluma yetu hupenda kusema kwamba zamani tulikuwa tunashirikiana zaidi. Nimelifuatilia dai hilo. Chikungunya, homa ya kirusi inayoenezwa na mbu, ina jina ambalo leo linatamkwa India na Brazil, lakini ni la Kimakonde, linamtaja mtu anavyokunjwa na maumivu ya viungo. Mlipuko ulitokea Newala na uwanda wa Makonde, kusini mwa nchi yetu, 1952 na 1953, na kirusi kikatengwa Entebbe, Uganda, kwenye taasisi iliyoanzishwa 1936 kuchunguza homa ya manjano, ambayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukiona kirusi cha Zika 1947. Enzi hizo taasisi ile ilitumikia Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika 1977, Uganda ikabaki na Entebbe yake, na mwaka 1979 Kenya ikaunda taasisi yake ya utafiti wa tiba, KEMRI, sisi tukaunda yetu, NIMR. Kila nyumba na jiko lake.

Kwa hiyo ni kweli, damu ya Newala iliweza kufika Entebbe bila kibali cha nchi mbili. Lakini nchi zote mbili zilikuwa chini ya mtawala mmoja, na majibu yalichapishwa Uingereza 1955 na 1956. Sioni mahali palipoandikwa kwamba kuna aliyerudi Newala kuwaambia wale waliokunjika walikuwa wamepatwa na nini. Nusu ya zamani ile naitamani. Nusu nyingine ni ile ile ya mzee wa Kibirizi.

Ninayemtazama zaidi ni Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Congo. Mwaka 1976 alikwenda kijiji cha Yambuku katika mlipuko wa Ebola wa kwanza kujulikana nchini mwake, akachukua damu za wagonjwa bila glovu. Sampuli za mlipuko ule zilifika Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai, na sifa ya ugunduzi ikakaa huko kwa miongo. Yeye hakuacha. Damu ya mtu aliyepona Ebola katika mji wa Kikwit, Congo, 1995 ndiyo iliyotoa kingamwili ambayo yeye na wenzake wa Marekani waliifanya dawa, na dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani 2020. Katika mlipuko wa Kivu sampuli zilipimwa kwenye maabara za huko huko, na yeye akasimama kusema kwamba damu ya wagonjwa wa Ebola ibaki Congo, anayetaka kuisoma aje. Nilipomsimulia mzee wa mwaloni habari ya yule mtu wa Kikwit, aliacha kushona. "Huyo ya kwake ilisema," akanena.

Msimamo huo ninauunga mkono, nikiwa na wasiwasi mmoja. Kila nchi ikijifunza kusema damu yangu ibaki kwangu, jirani asije akawa naye ni mgeni wa mbali. Mtumishi wa Uvira akikaa nusu mwaka akitafuta kibali cha kulinganisha kirusi chake na cha Kigoma, kirusi kitakuwa kimekwisha vuka mara mia. Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina Congo ndani yake tangu 2022, na ina maabara tisa zinazohamishika, zilizotolewa kwa msaada wa Ujerumani, zinazoweza kupima virusi hatari karibu na mgonjwa. Mashine tunazo. Mkoani Kagera, Januari 2025, sampuli ya Marburg, homa iliyo ndugu wa Ebola, ilipimwa kwanza kwenye maabara inayohamishika huko huko mkoani kabla ya kuthibitishwa Dar es Salaam, na Rwanda ng'ambo ya pili walikuwa wametoka tu kuimaliza ya kwao: wagonjwa 66, vifo 15. Ninachokitaka sasa ni kitu cha bei ndogo. Kibali kimoja kinachotambulika pande zote za ziwa, kwa fomu moja ya Kiswahili, na sharti lake la kwanza liwe siku ya kurudisha majibu kwa mtoa damu.

Kuhusu ile damu ya mzee, niliandika barua pepe tatu kwa waliokuwa viongozi wa mradi. Mbili zilirudi, anwani hazipo tena. Ya tatu haijajibiwa mpaka leo. Nilimrudia Kibirizi nikamwambia ukweli huo, kwamba sijui na huenda sitajua, na kwamba nilimwahidi jambo lisilokuwa mikononi mwangu. Akanyamaza. Kisha akanisogezea nafasi juu ya mtumbwi nikae.

Siku hizi nina daftari langu, jeusi, la jalada gumu. Kila sampuli ninayoichukua kwa ajili ya utafiti ina mstari wake: tarehe, mwalo, boti kama ipo, ilikopelekwa, na safu ya mwisho niliyoichora mwenyewe kwa rula, majibu yamerudishwa lini na kwa nani. Mtafiti akija kuniomba nimkusanyie damu, namwonyesha safu hiyo kabla ya kuzungumza posho. Wawili walishaondoka wakaenda kutafuta mwingine. Safu imejaa kurasa nyingi, isipokuwa mistari minne ambayo bado ni mitupu. Mmoja ni wa mtoto wa ng'ambo. Dada wa Uvira alipiga Jumatatu kuuliza habari zake, nikamwambia bado. Akasema atapiga tena Alhamisi.